Simu Iliyosafishwa kwa Heshima

Wifi yangu Patricie aliiweka simu juu ya meza yangu kama anayemwandalia mgeni sahani ya nyama. Ilikuwa inang'aa. Kioo kimepanguswa, kifuniko kipya cha rangi ya waridi, hata tundu la chaja halikuwa na vumbi.

"Iko safi," akasema. "Safi kabisa."

Nikaiwasha. Ikaniuliza nataka kutumia lugha gani.

Watu wasiofanya kazi yangu hawawezi kujua jinsi swali hilo dogo linavyompandishia mtu presha. Simu ikikuuliza lugha, maana yake imezaliwa leo. Haina jana wala juzi. Kila kilichokuwa ndani kimekwenda, na mimi nilikuwa nimeombwa nitafute kilichokuwa ndani.

"Patricie," nikasema polepole, maana daktari ameniambia nikikasirika niseme polepole. "Nani aligusa hii telefone?"

"Kuko muntu mumoja pale soko anasafishaga matelefone. Nilimupelekea asubui. Wifi, weye uko muntu wa kanisa, unaimbaka mu chorale. Singeweza kukuletea telefone iko na buchafu ndani. Hata nyumba, mugeni akikuya, si unafagia kwanza?"

"Miye siko mugeni! Miye ni daktari wa matelefone, na weye umeniletea mugonjwa wakati ameshazikwa! Nilikuambia nini kwa telefone jana? Nilikuambia usiiguse!"

"Uliniambia nisiiguse. Sikuigusa. Ni yule wa soko aliigusa."

Jamani. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakukutana na Patricie.

Naitwa Vénantie. Nina chumba kimoja hapa Kamembe, kwenye barabara ya uwanja wa ndege, na kazi yangu ni kuziuliza simu maswali. Mawakili wananiletea simu ya marehemu, vyama vya ushirika vinaniletea simu ya karani aliyetoroka. Nina kompyuta mbili na programu nilizozilipia kwa jasho: moja inanakili kila kilichomo ndani ya simu bila kubadilisha hata nukta, nyingine inapasua programu mbaya ili nione tumboni mwake kuna nini. Vyombo ninavyo. Shida yangu ni binadamu. Kuna wakili nilimwazima mfuko wangu wa kuzuia mawimbi, ule tunaotia simu ya ushahidi ndani ili isipokee kitu njiani. Ulirudi unanuka sambaza. Eti aliona unafungika vizuri, akabebea samaki.

Lakini simu hii haikuwa ya karani wala ya marehemu. Ilikuwa ya Uwineza, binti wa Patricie na kaka yangu, Mungu amrehemu, na mimi ndiye shangazi yake. Uwineza anauza katika duka la dawa hapa mjini. Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya dote yake, yaani mahari: familia ya mchumba wake, Bashige, ingevuka daraja la mpakani kutoka Bukavu, upande wa Kongo, waseme yao, tuseme yetu, watoto wapeane ahadi.

Sasa sikiliza balaa. Alhamisi iliyotangulia, asubuhi, simu ya Uwineza ilituma mesaji ya Kifaransa kwa kila jina lililohifadhiwa ndani yake. Kwa Kiswahili ilisema hivi: Mpenzi, picha zangu za uchi ziko hapa, fungua. Chini yake kiungo cha intaneti. Ilimwita mpenzi bosi wake wa duka la dawa. Ilimwita mpenzi pasta. Ilimwita mpenzi Papa Mukengere, baba mzazi wa Bashige.

Kwetu, msichana anayeposwa hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Akiwa na neno, anampa shangazi, na shangazi analipeleka. Uwineza alikuwa na namba ya mzee huyo kwa ajili ya dharura tu, hajawahi kuipiga hata siku moja. Halafu neno lake la kwanza kwake likawa hilo.

Papa Mukengere hakupiga kelele. Alinipigia mimi, kama desturi inavyotaka, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Maman Vénantie, banasema ni virusi. Kila mwizi akikamatwa anasema ni shetani. Unioneshe kwa macho yangu mpaka siku ya Ijumaa. Ukishindwa, Jumamosi hatutavuka."

Ilikuwa Jumatatu. Basi nilikuwa na siku tano, na simu iliyosafishwa.

Jumatatu hiyo hiyo na Jumanne nzima niliihangaikia. Zamani simu ikifutwa, mabaki yalikuwa yanabaki, unayaokota mojamoja kama mchele uliomwagika. Siku hizi simu inafunga kila kitu kwa ufunguo wake yenyewe, na ikisafishwa, kitu cha kwanza inachotupa ni ufunguo. Nikaunganisha waya, nikaendesha programu, nikasubiri saa sita. Ikaniletea picha nne, zote za ukuta wa kibanda cha yule fundi wa soko, alizopiga akijaribu kamera. Nilimtukana hewani, peke yangu, mpaka jirani akagonga.

Uwineza alikuja kwangu Jumanne jioni akitoka kazini. Alikuwa amekonda kwa siku tano tu. Aliniambia wanaume wanaingia dukani kununua kidonge kimoja cha kichwa, kimoja tu, ili wamtazame na kucheka.

"Uliweka nini ndani ya telefone ile siku?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu kibaya, Shangazi. Niliweka tu aplikasio ya kutengeneza invitation ya dote. Bashige alinitumia. Alinitumia Jumatatu, lakini sikukuwa na mega za intaneti. Niliiweka Alhamisi."

"Ilitoka wapi?"

"Shangazi, ni Bashige! Yeye alisomea informatique. Hawezi kunitumia kitu kibaya."

Nikampigia Bashige palepale, mbele yake. Kijana mwenye adabu, sauti laini, anajua kusalimia. Ndiye anayetengeneza kompyuta za nusu ya ofisi za Bukavu, ndivyo mama yake anavyomsifu.

"Ile aplikasio iko safi, Shangazi," akasema. "Hata miye niliitumia. Bahati mbaya nilishaitosha, nikaifuta, telefone yangu ilijaa. Pengine kuko kitu ingine aliweka bila kujua. Batoto bakike banafungua kila kitu."

"Unajua uliitoa wapi?"

"Sikumbuke vizuri."

Kisha akaomba aongee na mchumba wake. Nikampa simu, nikajifanya nakunja waya. Nilisikia akimbembeleza: aende amwombe papa msamaha, apige magoti tu, mambo yaishe, papa ana moyo mzuri. Akamfundisha hata maneno ya kusema. Papa, nilikosa, ujana ulinidanganya. Uwineza alikuwa anayarudia polepole kama mtoto wa katekisimu.

Nilipomaliza kukunja waya nikamnyang'anya simu. Nilimwambia Uwineza asipige magoti kwa mtu yeyote kabla ya Ijumaa. Lakini sitajifanya nilikuwa mjanja. Moyoni nilisema yule kijana anampenda, anatafuta tu njia fupi, na vijana wa siku hizi wote wanatafuta njia fupi.

Jambo lilikuwa hivi: kama simu iliyotuma haina kitu, zilizopokea zinacho. Nilihitaji mesaji moja tu, nzima, pamoja na kile kiungo, ili nikichukue kile kilichojificha nyuma yake na kukipasua. Watu zaidi ya mia moja walikuwa wamepokea. Rahisi, si ndiyo?

Lo! Pasta alikuwa ameifuta, na mke wake akaifuta mara ya pili kwa uhakika. Bosi wa duka la dawa alikuwa ameifuta baada ya kuwaonyesha rafiki zake wote, waliocheka wakafuta na wao. Nikampigia Maman Nabintu, mama yake Bashige, anayeuza vitenge na kuvuka mpaka mara tatu kwa wiki.

"Niiache ndani ya telefone yangu?" akasema. "Neno kama ile ilale mu nyumba yangu? Apana, Maman Vénantie. Niliitosha saa ile ile, na nikanawa mikono."

"Na ya Papa Mukengere?"

"Ya papa, tuliitia kikundi ya maombi. Baliisalia, bakaimwangia maji ya chumvi."

"Juu ya telefone?"

"Ndani. Balifungua kifuniko."

Nilikaa chini. Kikundi cha maombi, watu wazima, wenye akili timamu, walichukua simu yenye ushahidi pekee wa kumwokoa mtoto, wakaitia maji ya chumvi katika jina la Bwana. Nikamuuliza inawaka? Akasema apana, haiwake, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba roho chafu imetoka. Nikamshukuru, nikakata, nikalia kidogo. Ndiyo, nililia. Ukifika miaka arobaini na tatu unaweza kulia kwa sababu ya chumvi.

Uwineza ndiye aliyekumbuka. "Koko," akasema. "Koko Muderhwa. Ninamupigiaga kila siku ya Mungu, kumusalimia. Namba yake ilikuwa ndani."

Mzee Muderhwa ni babu yake Bashige, baba wa Maman Nabintu. Anakaa Nguba, ng'ambo, karibu na mpaka. Ana kitochi cha vibonyezo kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, na hajui kusoma. Niliruka kwenye kiti. Mtu asiyejua kusoma hafuti!

Jumatano asubuhi nikavuka. Nilimkuta mzee amekaa uani juani, kitochi mfukoni mwa shati. Nilipomwomba nikipeleke Kamembe kwa siku moja alinitazama kana kwamba nimemwomba meno yake.

"Ndugu yangu wa Uvira ananipigiaga saa kumi. Kila siku. Asiponipata atazani nilikufa, ataanza kulia, na yeye moyo wake ni mugonjwa."

"Mzee, nitakirudisha kabla ya saa kumi."

"Ukiwa na kazi, ifanyie hapa."

Basi nikaifanyia pale. Niliacha kompyuta na waya zote kwenye begi, maana kitochi kile waya wake haujatengenezwa tangu wakati wa marehemu kaka yangu. Nikaomba kigoda, nikatandika karatasi nyeupe, nikaweka rula kando, na kamera juu. Kanuni ya kazi yangu ni moja, na nimeipigia kelele kwa watu wengi: usichague. Piga picha kila mesaji, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama ni ya kampuni inayouza miziki. Ukichagua, wakili wa upande wa pili atakuuliza kwa nini umechagua, na atakuwa na haki.

Zilikuwa mesaji mia mbili na kumi na nne. Mzee alikuwa hajafungua hata moja. Bonyeza, piga picha, rudi, teremka, bonyeza. Wakati huo wote alinihadithia ng'ombe wake wa mwaka wa sabini na nne, mmojammoja, kwa majina yao.

Ile ya Uwineza niliipata haraka, iko karibu na juu. Alhamisi, saa nne na dakika saba asubuhi. Kiungo kizima, herufi zote. Nilipiga picha mara tatu kwa furaha. Ningeweza kufunga begi nikaenda zangu, na mambo yangekuwa tofauti kabisa. Lakini kanuni ni kanuni, nikaendelea kuteremka.

Jumanne, siku mbili kabla ya hiyo ya Uwineza. Mesaji ileile. Mpenzi, picha zangu za uchi ziko hapa, fungua. Kiungo kilekile. Mtumaji: Bashige.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikaangalia namba, tarakimu moja baada ya nyingine. Ilikuwa namba yake, ileile niliyompigia jana yake. Ndipo nikarudi kwenye ile ya juu yake, niliyokuwa nimeipiga picha bila kuisoma, iliyoingia dakika kumi na moja baadaye, kutoka kwake pia.

"Samahani sana wote. Telefone yangu ilishikwa na virusi ya aplikasio moja ya invitation. Ile mesaji si miye. Mufute na musiambie muntu, zaidi sana ku nyumba."

Alikuwa ametuma msamaha kwa wote waliopokea, bila kuangalia majina, na jina la babu lilikuwa miongoni mwao. Babu asiyejua kusoma. Basi ukakaa humo siku nane, ndani ya kitochi, mfukoni mwa shati.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Alijua! Jumanne alijua ile programu ni sumu. Uwineza aliiweka Alhamisi. Siku mbili nzima alikuwa anampigia simu asubuhi na jioni, anamuuliza umekula nini, unavaa rangi gani Jumamosi, na hakumwambia neno moja: usiiweke. Na lilipotokea, akamfundisha kupiga magoti.

"Banasema nini, hizo barua?" mzee akauliza. Aliona uso wangu.

"Zinasema mujukuu wako anakuomba samahani."

"Bashige? Alinikosea nini?"

"Utamuuliza Ijumaa, Mzee. Uje na hiyo telefone. Usiipatie muntu yeyote, hata Bashige mwenyewe. Na musiimwangie maji."

Alhamisi nilifanya kazi yangu kama inavyopaswa. Nilikiandika kile kiungo kwa mkono katika simu ya majaribio, isiyo na laini wala jina la mtu ndani yake. Programu ikashuka: picha ya maua mawili na pete, jina lake Mwaliko. Nzuri kabisa, ingefaa kutundikwa ukutani. Nikaipasua. Ilikuwa imeomba ruhusa ya kusoma majina yote na ruhusa ya kutuma mesaji, na mtu anayetengeneza kadi ya harusi anahitaji kutuma mesaji za nini? Tumboni mwake, neno kwa neno, nukta kwa nukta, ilikuwamo ile sentensi ya Kifaransa. Mpenzi, picha zangu za uchi. Uwineza hakuwa ameandika hata herufi. Nikachapisha kurasa zote, nikazitia sahihi.

Kisha nikampigia Bashige. Sikutaka kumwonea. Nilitaka aseme mwenyewe, na kama angesema siku ile, haki ya Mungu, ningemtukana nusu saa halafu ningemsaidia.

"Bashige, mwanangu, kabla ya kesho, kuko kitu unajua juu ya hii mambo?"

"Apana, Shangazi. Naombea tu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliona bora aitembee yote.

Ijumaa saa tisa walikuja, nyumbani kwa Patricie. Papa Mukengere katika koti jeusi, mgongo wima. Maman Nabintu na kitenge kipya. Mzee Muderhwa na kitochi chake. Bashige, ameketi ukingoni mwa kiti, anatabasamu kwa kila mtu. Patricie alikuwa ameweka soda, sambusa na vitambaa vya meza alivyovifuma mwenyewe. Uwineza alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Anasikia yote, haonekani.

Nikaeleza. Nilieleza polepole, kwa kurasa, na nikawaonyesha ile programu kwenye simu ya majaribio, ikijaribu kutuma mesaji bila mtu kuigusa. Papa Mukengere alivaa miwani. Alisoma ile sentensi tumboni mwa programu, akalinganisha na picha ya kitochi cha mkwe wake, akarudia tena. Ni mtu mgumu, lakini si mtu mbaya. Alivua miwani, akasema kwa sauti ya chini, "Basi mutoto hakukosa."

"Hakukosa," nikasema.

"Hii takataka ilitoka kwa nani?"

Nilimtazama Bashige. Nilimpa muda, nikahesabu kichwani mpaka ishirini, na ninaapa sijawahi kumwombea mtu kama nilivyomwombea yule kijana katika ile ishirini.

"Mambo ya virusi, Papa," akasema, "inaweza toka popote. Hata bataalamu banashindwaka kujua."

Hata bataalamu! Mbele yangu! Nikachomoa karatasi mbili za mwisho kutoka kwenye bahasha, nikazisoma kwa sauti, tarehe na saa, moja na nyingine. Samahani sana wote. Mufute na musiambie muntu, zaidi sana ku nyumba. Mzee Muderhwa akatoa kitochi mfukoni, akakitazama kwa mshangao.

Bashige alififia. "Nilikuwa nataka kusema," akaanza. "Yangu ilitumaka kwa kufuata alfabeti. Niliona haraka, nikaizima ikiwa imefika ku K. Koko tu ndiye aliipata mu familia. Nikasema imeisha. Kisha ile ya Uwineza ikafika mpaka kwa Papa, Papa akakasirika, nikaogopa. Shangazi, miye nilisomea informatique. Bantu bote bananipatia maordinatere yao, makompyuta yote ya ofisi. Bangenicheka."

Nilingoja Papa Mukengere ainuke, apige meza, afanye kitu. Badala yake Maman Nabintu akapiga makofi mara moja, akacheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Ah, Bashige! Kijinga kabisa! Utatuua siku moja. Basi, Mungu asifiwe, mambo imeisha. Mutoto iko safi, na sisi tuko safi."

"Utamulipa Shangazi faini ya kreti moja ya soda," Papa Mukengere akamwambia mwanawe kwa ukali wa uongo, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kulegea. Patricie akapiga vigelegele mpaka sambusa ikamkaba. Wakaanza kupanga: watavuka saa mbili au saa tatu, gari ngapi, nani ataongea kwa niaba ya nani. Bashige alishapata rangi yake, anakubali kila kitu, anamimina soda. Mimi nilisimama na karatasi zangu mkononi kama mjinga. Kazi yangu ilikuwa imefaulu. Sikumbuki nimewahi kuichukia hivyo.

"Shangazi," pazia likasema.

Nikaingia. Uwineza alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya mapaja. Hakuwa analia. Nilikuwa nimemzoea akilia wiki nzima, nikaogopa zaidi.

"Alijua siku ya Jumanne?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Miye niliiweka Alhamisi."

"Ndiyo."

"Jumatano tuliongea saa mbili nzima. Aliniambia majina atapatia batoto betu." Nje walikuwa wanabishana kuhusu viti vya kukodi. "Ile maneno alinifundisha ya kumuomba papa samahani, nilishaishika yote. Ungechelewa siku moja, Shangazi, ningepiga magoti. Na yeye angesimama pale pembeni ananiangalia."

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema wanaume ni waoga, kwamba woga si dhambi kubwa kuliko zote, kwamba mji huu ni mdogo na watu wana midomo, na msichana aliyeachwa mkesha wa dote baada ya mesaji kama ile, hata karatasi zangu zote hazitamtosha. Yote ni kweli. Nilimtazama usoni, nikayameza.

"Nipe neno," nikasema.

Akanipa. Nikatoka.

Papa Mukengere alikuwa amesimama, miwani mkononi, anamwambia Patricie ng'ombe wa dote wote ni weupe. Aliponiona alijua nimebeba neno, maana alinyamaza kwa heshima na kuwanyamazisha wengine kwa mkono. Mimi mwenye kelele, mimi ambaye Kamembe nzima inajua mdomo wangu, sikuongeza hata moja.

"Papa Mukengere," nikasema, "Uwineza anasema kesho musivuke."